Canterbury, York au Durham: ulale mji upi wa kanisa kuu Uingereza?

Mtu mwenye siku mbili au tatu za kutoka London, anayetaka kuona mji wa kale wa Kiingereza na kanisa kuu lake, mara nyingi hukwama kati ya majina matatu: Canterbury ulioko kusini-mashariki, York ulioko kaskazini, na Durham ulioko mbele zaidi ya York kwenye reli ileile. Picha hazimsaidii kuchagua, maana pichani kote ni minara, mawe na vioo vya rangi. Kinachoitofautisha miji hii ni nauli, miinuko, saa za kufunguliwa milango, na kile unachoweza kukifikia kwa basi moja au treni moja kutoka stesheni.

Jambo moja tunalisisitiza kabla ya kulinganisha: utakakochagua, lala angalau usiku mmoja. Makundi ya watalii wa kutwa hujaa kuanzia katikati ya asubuhi na kuanza kuondoka alasiri. Kabla na baada ya hapo vichochoro hurudi kwa wenyeji, na siku nyingi za wiki kwaya huimba Sala ya Jioni ndani ya kanisa lenyewe, karibu saa kumi na moja na nusu, bila kiingilio. Anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo hulipa nauli nzima na kuzikosa saa bora za mji.

Tunalinganisha kwa mambo matano: kufika na nauli, kanisa kuu na kiingilio chake, pa kulala, mzigo wa miguu (ngazi, mawe, miinuko), na viunga unavyoweza kuvifikia bila gari.

Kufika na nauli

Canterbury ndio wa karibu. Una stesheni mbili, na hapo ndipo wageni wengi hukosea. Treni ya kasi kutoka stesheni ya St Pancras, London, hufika Canterbury West kwa karibu saa moja. Treni ya kawaida kutoka Victoria hufika Canterbury East kwa takriban saa moja na nusu, kwa nauli nafuu zaidi. Tiketi ya kawaida haikubaliki kwenye treni ya kasi bila kulipia nyongeza, kwa hiyo unaponunua hakikisha tiketi inaitaja njia utakayopita. Kutoka stesheni yoyote kati ya hizo mbili ni mwendo wa miguu hadi kanisani, lakini ziko pande mbili tofauti za mji. Ukipanga nyumba ya wageni, tazama kwanza utashukia ipi.

York ni karibu saa mbili kutoka King's Cross, na Durham ni karibu saa tatu. Hapa bei hutegemea zaidi siku uliyonunua kuliko umbali. Tiketi za Advance kwa kawaida huanza kuuzwa wiki 12 hivi kabla ya safari, na hupanda kadiri zinavyonunuliwa. Ukinunua asubuhi ya safari yenyewe unaweza kulipa mara kadhaa ya bei ya aliyewahi. Tiketi hiyo ni ya treni moja tu iliyoandikwa juu yake. Ukichelewa kwa sababu yako mwenyewe unanunua nyingine, na huruhusiwi kushuka njiani ukatembea kisha ukaendelea. Anayetaka kulala York halafu aende Durham anunue tiketi mbili, London hadi York na York hadi Durham. Kipande hicho cha pili ni kifupi, hakizidi sana dakika 45.

Kadi za punguzo la reli hukata theluthi ya nauli, na kwa watu wawili wanaokwenda York au Durham kadi ya Two Together huweza kurudisha gharama yake kwa safari moja tu. Masharti yake ni kwamba wote wawili wasafiri pamoja, na siku za kazi haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Wanafunzi kutoka kwetu wanaosoma shahada za juu wajue kwamba kadi ya vijana wa miaka 16 hadi 25 hutolewa pia kwa wenye umri mkubwa zaidi, mradi wawe wanasoma muda wote na chuo kithibitishe.

Kwa gari, miji yote mitatu itakuchosha ukijaribu kuingia katikati. Barabara ni nyembamba na maegesho ni ghali. Fuata vibao vya Park & Ride, uache gari nje ya mji na uingie kwa basi. Durham ulianza mwaka 2002 kutoza magari yanayopanda kwenye rasi ya kanisa, kabla hata ya London kuanzisha ushuru wake wa msongamano.

Kanisa kuu na kiingilio

Kwa jengo lenyewe, likitazamwa kama kazi ya waashi, Durham ina nguvu ya pekee. Ujenzi ulianza mwaka 1093, na mwili wa kanisa ukakamilika kufikia mwaka 1133 hivi. Kwa kuwa lilijengwa kwa miaka 40 tu, linaonekana kama wazo la mtu mmoja. Nguzo zake kubwa zina urefu wa mita 6.6 na mzunguko wa mita 6.6, na zimechongwa mistari ya kupinda, almasi na mifereji. Tazama juu uone mbavu za mawe zinazobeba dari. Ni miongoni mwa za kwanza kabisa Ulaya kujengwa hivyo, na kutoka hapo ndipo majengo yaliyofuata yalipata ujasiri wa kwenda juu zaidi. Nyuma ya madhabahu kuna kaburi la Mtakatifu Cuthbert, aliyefariki mwaka 687. Watawa walihama na mwili wake kwa vizazi kadhaa wakiwakimbia Waviking, hadi walipotua hapa mwaka 995. Upande wa magharibi amelala Beda, mtawa aliyeandika historia ya kanisa la Waingereza. Upande huohuo kuna mstari wa marumaru nyeusi sakafuni: zamani za watawa, wanawake hawakuruhusiwa kuuvuka. Kuingia kanisani ni bure. Unaombwa mchango, na inafaa kutoa. Jumba la makumbusho na mnara hulipiwa.

Canterbury ni historia iliyotokea mahali unaposimama. Augustino alifika Kent kutoka Roma mwaka 597, na tangu hapo kiti cha Askofu Mkuu kimekuwa hapa. Mkristo wa Kianglikana wa Dodoma, Mombasa au Kampala anaposikia jina Canterbury likitajwa, chanzo ni jengo hili. Tarehe 29 Desemba 1170 Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa humu na wapiganaji wanne wa Mfalme Henry II, na mahali penyewe pamewekwa panga za chuma ukutani. Kaburi lake lilivutia mahujaji hadi lilipovunjwa mwaka 1538 kwa amri ya Henry VIII; leo panawaka mshumaa mmoja sakafuni, na ngazi za kufika hapo zimelika kwa miguu na magoti. Usiondoke bila kutazama vioo vya madirisha yanayolizunguka eneo hilo. Vinaonyesha wagonjwa wa karne ya 12 na 13, watu wa kawaida, wakiponywa. Kiingilio ni zaidi ya pauni 15 kwa mtu mzima, na sehemu ya majengo ya nje pia iko ndani ya lango linalolipiwa, kwa hiyo asiyelipa haoni mengi.

Kanisa kuu la York, linaloitwa Minster, lilijengwa kuanzia mwaka 1220 na kuwekwa wakfu mwaka 1472. Ni kanisa la vioo. Dirisha Kuu la Mashariki, alilolisimamia John Thornton na kulimaliza mwaka 1408, lina ukubwa wa uwanja wa tenisi. Linaanza na uumbaji na kuishia siku ya mwisho kama ilivyo katika kitabu cha Ufunuo. Njoo na darubini ndogo. Vibao vya juu havisomeki kwa macho matupu. Upande wa kaskazini kuna madirisha matano marefu ya kioo cha kijivu, yaliyofanywa baadaye kuwa kumbukumbu ya wanawake waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la karibu zaidi: John Sentamu, mzaliwa wa Uganda, alikuwa Askofu Mkuu wa York tangu mwaka 2005 hadi 2020. Kiingilio ni cha kiwango cha Canterbury, na mnara hulipiwa zaidi.

Kinachowaharibia wengi ziara, katika miji yote mitatu, ni kalenda. Jumapili asubuhi ni ya ibada, na watalii huruhusiwa kuzunguka karibu na mchana. Canterbury na Durham, mahafali ya vyuo hufanyika kanisani humo humo, hasa Julai, na sehemu kubwa hufungwa. Fungua tovuti ya kanisa lenyewe uangalie tarehe zako kabla ya kununua tiketi ya treni ambayo hairudishwi.

Anayekwenda Sala ya Jioni afike robo saa kabla, aseme mlangoni kwamba amekuja kwa ibada, asipige picha. Asiye Mkristo anakaribishwa kukaa na kusikiliza. Kwaya nyingi za watoto hupumzika wakati wa likizo za shule. Agosti mara nyingi utasikia kwaya za wageni.

Pa kulala

York una vyumba vingi kuliko wenzake, kuanzia hosteli hadi hoteli kubwa karibu na stesheni. Nyumba za wageni zenye staftahi ziko nyingi upande wa Bootham na Clifton, mwendo wa dakika 10 hadi 15 hadi Minster. Ni nyumba za zamani zenye ngazi nyembamba na kwa kawaida hazina lifti. Mwenye mzigo mzito au goti bovu aombe chumba cha chini mapema. Bei hupanda siku za mbio za farasi, zaidi ya yote ile wiki ya Agosti inayoitwa Ebor, na wikiendi za soko la Krismasi. Jumamosi usiku mitaa ya Micklegate huwa na kelele za vikundi vya wanywaji. Nyumba za ukingoni mwa mto Ouse zina mandhari nzuri kiangazi, ila mto huo hufurika mara kwa mara majira ya baridi.

Canterbury una hoteli chache zaidi, lakini una moja isiyo na kifani: nyumba ya kulala wageni ya kanisa iliyoko ndani ya uzio. Lango likishafungwa usiku, wewe umebaki ndani, na mnara wa Bell Harry umemulikwa mbele ya dirisha. Ukiamua kutumia fedha zaidi kwa usiku mmoja tu wa safari nzima, uwe huu.

Durham una vyumba vichache, na huo ndio udhaifu wake mkubwa. Njia ya werevu ni kulala katika vyuo wakati wa likizo za wanafunzi. Ngome ya Durham, iliyotazamana na kanisa, ni bweni la chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1832, na vyumba hukodishwa likizo, staftahi ikiandaliwa kwenye ukumbi wa zama za kati. Vyumba vingi ni vya kibweni, vingine bafu ni la pamoja. Soma maelezo kabla ya kulipa. Epuka wiki za mahafali na Jumamosi ya pili ya Julai, siku ya mkutano mkubwa wa wachimba migodi, isipokuwa umekuja kwa ajili yake. Bendi na mabango yao ni ya kupendeza, lakini kitanda hupati. Mji ukijaa, lala Newcastle, robo saa tu kwa treni.

Miguu

Canterbury ni tambarare. Kutoka lango la Westgate hadi kanisani ni barabara moja isiyo na magari sehemu kubwa ya siku, na mwenye kiti cha magurudumu au mtoto wa kusukumwa hatateseka mjini. Ndani ya kanisa ndipo ngazi zilipo, maana sakafu hupanda kutoka ukumbi hadi sehemu ya kwaya, kisha tena hadi lilipokuwa kaburi. Waulize wahudumu njia isiyo na ngazi tangu mlangoni.

York pia ni tambarare, ila mawe ya mtaa wa Shambles na vichochoro vyake huvitesa viatu vyembamba. Ukuta wa mji, wenye urefu wa kilomita 3.4 hivi, hutembelewa bure. Kipande kati ya malango ya Bootham Bar na Monk Bar ndicho kizuri zaidi, kwani kinazunguka nyuma ya Minster. Sehemu nyingine hazina kinga pembeni, kupanda ni kwa ngazi, na ukuta hufungwa giza likiingia au kukiwa na barafu. Mnara wa Minster una ngazi 275, nyembamba na za kuzunguka.

Durham ni mlima. Stesheni iko juu upande mmoja, kanisa liko juu upande mwingine, na kati yao kuna bonde na mto Wear. Mwenye afya hutembea kwa dakika 15 hadi 20. Asiyeweza apande basi dogo la Cathedral Bus au teksi. Mvua ikinyesha, mawe ya mtaa wa Saddler Street huteleza. Lakini ukiwa na miguu mizima, njia ya ukingo wa mto kupitia daraja la Prebends ndiyo matembezi mazuri kuliko yote ya miji hii mitatu. Mnara una ngazi 325.

Viunga

Bila gari, Canterbury ndio rahisi. Dover uko karibu nusu saa kwa treni kutoka Canterbury East: ngome kubwa, na majabali meupe ya chaki. Majabali hayo humomonyoka, kwa hiyo kaa mbali na ukingo hata kama njia inaonekana imara. Zima data ya kimataifa ya simu ukiwa huko juu. Simu nyingi hushika mtandao wa Ufaransa ng'ambo ya bahari, na gharama hukukuta baadaye. Whitstable, mji wa wavuvi wa chaza, unafikika kwa basi, au kwa baiskeli kupitia njia ya Crab and Winkle, takriban kilomita 12. Margate una pwani ya mchanga.

York una viunga vikubwa zaidi, lakini vinadai mpango. Kwa treni unafika Knaresborough, Harrogate, na Scarborough ulioko pwani. Whitby, wenye magofu ya abasia juu ya ngazi 199, hufikiwa kwa basi la Coastliner. Safari inazidi saa mbili kila upande na mabasi ya kurudi ni machache. Tazama kwanza basi la mwisho, kisha ndipo upange siku. Fountains Abbey ni ya ajabu, ila iko karibu na Ripon, mji usio na stesheni ya treni. Kwa maeneo haya na nyika za North York Moors, gari la kukodi la siku moja hulipa, hasa mkiwa watatu au wanne.

Mvua ya kutwa ikiwakuta na watoto, York hauna mpinzani. Makumbusho ya taifa ya reli ni bure na yako nyuma ya stesheni, na kituo cha Jorvik kinaonyesha mji wa Waviking juu ya mahali ulipochimbuliwa.

Kutoka Durham, makumbusho ya wazi ya Beamish huchukua siku nzima. Ukuta wa Hadrian hufikiwa kupitia Newcastle hadi Hexham, kisha basi la AD122, linaloitwa kwa mwaka ukuta ulipoanza kujengwa. Ni la msimu. Kisiwa cha Lindisfarne, alikokuwa Cuthbert, huzingirwa na maji mara mbili kwa siku. Ratiba ya maji kujaa na kupwa hutangazwa, na bado kila mwaka kuna magari yanayonaswa barabarani. Mtu wa pwani ya kwetu hahitaji kuelezwa: bamvua halimsubiri mtu.

Chakula, swala na mwanga

York una msikiti Bull Lane, na Canterbury una msikiti Giles Lane karibu na chuo kikuu. Kwa chakula cha halali cha kuchagua, anayelala Durham atapata zaidi Newcastle. Juni jua la Durham huzama baada ya saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo Magharibi huja ukiwa umeshachoka. Desemba ni kinyume: kaskazini jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na vioo vya rangi havina uhai bila mwanga. Majira ya baridi ingia kanisani asubuhi.

Kwa hali yako

Una usiku mmoja tu na unarudi London: Canterbury, kwa treni ya jioni, usiku ndani ya uzio ukipata chumba, kanisa asubuhi, Dover mchana.

Una watoto, au kundi lenye mapenzi tofauti: York, usiku mbili. Asiyetaka kanisa ana treni, asiyetaka treni ana ukuta.

Umekuja kwa hija, ibada au uashi wa kale, na fedha ni chache: Durham, chumba cha chuo wakati wa likizo. Kanisa ni bure, na nauli utaipunguza kwa kununua mapema.

Unaye mzee asiyeweza miinuko: Canterbury au York, si Durham, isipokuwa mtakodi teksi hadi Palace Green, uwanja ulio mbele ya kanisa.

Una siku nne au zaidi: unganisha York na Durham, usiku mbili mbili, ukianza Durham ili ushuke kuelekea London.

Na kama moyo wako uko kwenye mawe ya Stonehenge, acha yote matatu. Nenda Salisbury, karibu saa moja na nusu kutoka Waterloo, wenye mnara wa mita 123 na nakala ya Magna Carta, hati ya kale ya haki, ya mwaka 1215; basi la kwenda Stonehenge huondokea stesheni.